Jedwali Lisilouliza Kilomita

Jedwali la kodi ya mwaka ya magari nchini Uingereza, lile linalohusu magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017, lina madaraja 13, kuanzia A hadi M. Kila daraja lina mstari wake. Upande mmoja kuna kiwango cha hewa ya ukaa, kikipimwa kwa gramu kwa kila kilomita; upande wa pili kuna pauni za kulipa kwa mwaka. Maandishi yenyewe ni hayo tu, pamoja na maelezo machache ya chini. Nataka kuyasoma kama tulivyozoea kusoma kazi ya fasihi, fani kwanza, kwa sababu malalamiko makubwa juu ya kodi hii hutoka kwa wenye gari la pili, kubwa na la zamani, linalotolewa nje mara chache kwa mwezi. Wengi hulalamikia kiasi. Mimi naona kasoro iko katika umbo la jedwali lenyewe, na hata kiasi kikipunguzwa kesho kasoro hiyo itabaki palepale.

Tuangalie hatua zake. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, daraja C lililipa pauni 35 na D likalipa pauni 165. Daraja K, linaloishia gramu 225, lililipa pauni 430. Gari likizidi hapo kwa gramu moja tu, linaingia L na kudaiwa pauni 735. Kisha kutoka L kwenda M, ambako wamo wote wanaozidi gramu 255, nyongeza ni pauni 25. Gramu moja mahali fulani inagharimu pauni 305, na mahali pengine gramu 30 nzima zinagharimu 25. Msomaji makini haoni hapa uwiano wa uchafuzi na malipo. Anachokiona ni mipaka iliyowekwa na mwandishi aliyetaka kumtisha mnunuzi katika sehemu chache alizozichagua.

Halafu kuna nyota. Pembeni ya herufi K imewekwa alama ndogo, na maelezo yake yanasema kwamba magari yanayozidi gramu 225 lakini yaliyosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 nayo yamo humo humo katika K. Chukua magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja, yenye injini ileile na moshi uleule wa gramu 260, moja likisajiliwa tarehe 22 na jingine tarehe 23 ya mwezi huo. Kwa viwango hivyo vya 2025 la kwanza lililipa pauni 430, la pili pauni 760, na pengo hilo la madaraja linaendelea mwaka hadi mwaka, hadi yatakapokuwa chuma chakavu. Sababu yake inaeleweka: serikali haikutaka kuwaadhibu watu waliokwisha kununua. Lakini magari hayo sasa yana karibu miaka 20 na yamebadilisha wenyewe mara kadhaa. Anayelipa leo si yule aliyeonywa. Mara nyingi ni mtu aliyelipata gari kwa bei ndogo, na bei ni ndogo kwa sababu hiyohiyo ya kodi.

Sasa tufike kwenye kiini. Kipimo chenyewe ni gramu kwa kila kilomita. Hicho ni kipimo cha sehemu mbili, na hakitoi jumla yoyote mpaka mtu aseme kilomita ni ngapi. Jedwali linachukua gramu, linaitaja kilomita, kisha linarukia mwaka. Hakuna safu ya umbali. Hesabu imekatwa katikati, na jibu limeandikwa kana kwamba imekamilika.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Gari la daraja M linalotoa gramu 260, likitembea kilomita 1,000 kwa mwaka, linatoa kilo 260 za hewa ya ukaa. Gari dogo la daraja D linalotoa gramu 130, likienda kazini na kurudi hadi kufikisha kilomita 16,000, linatoa kilo 2,080, yaani mara nane ya lile kubwa. Kwa viwango vya 2025 mwenye gari kubwa alilipa pauni 760, mwenye dogo 165. Ukigawanya kwa kilo, wa kwanza alilipa karibu pauni 3 kwa kila kilo na wa pili karibu peni 8. Ikiwa lengo ni kupunguza hewa chafu, jedwali limempa mzigo mzito anayechafua kidogo. Na kama magari yote mawili ni ya nyumba moja, la kila siku na la Jumapili, jedwali haliwezi kujua kwamba dereva ni mmoja na kwamba moja likitoka jingine limelala.

Wapo watakaosema kilomita haziwezi kujulikana. Zinajulikana. Gari likishatimiza miaka mitatu nchini Uingereza linapelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, na mkaguzi huandika namba iliyoko kwenye mita ya dashibodi. Kumbukumbu hizo ziko wazi. Mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuzitazama bure kwenye intaneti na kuona limetembea kiasi gani mwaka hadi mwaka. Namba inayokosekana katika jedwali imeandikwa katika karatasi nyingine ya dola hiyohiyo.

Na umbo la kodi si jambo dogo, kwa kuwa huishia kuumba hata vyuma. Kuanzia 1921 Waingereza walitoza pauni moja kwa kila nguvu-farasi, na nguvu hiyo ilikokotolewa kwa upana wa silinda na idadi yake tu. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuulizwa. Watengenezaji wakaunda injini zenye silinda nyembamba na mwendo mrefu, kwa miaka mingi, kwa sababu ndiko fomula ilikokuwa haitazami. Kodi hiyo ilikuja kuondolewa, na 1948 ikaingia kodi ya mkupuo ya pauni 10. Nao mfuko wa barabara uliokuwa ukipokea fedha hizi ulikwisha kutengwa nazo tangu 1937, kwa hiyo hoja kwamba mwenye gari hulipia lami anayoikanyaga haina mashiko tena.

Jibu rasmi kwa mwenye gari lisilotoka ni SORN, yaani taarifa kwa mamlaka kwamba gari limewekwa nje ya barabara. Haina malipo, na ukishaitoa inaendelea mpaka ulipie gari upya. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, maana taarifa hii fupi inamjua sana mtu inayezungumza naye. Inataka gari liwe gereji, uani au kwenye eneo binafsi. Mwenye nyumba yenye ua anaweza kuitumia majira yote ya baridi. Anayeishi ghorofani na kupaki mtaani hawezi hata siku moja, ingawa gari lake halijasogea. Ukiliingiza gari barabarani bila kulipa, faini inaweza kufika pauni 2,500. Ruhusa iliyopo ni kulipeleka kwenye ukaguzi ulioupangia miadi.

Kalenda yake nayo haina huruma. Kodi huhesabiwa tangu tarehe mosi hata ukilipa tarehe 28, na unaporudishiwa fedha hurudishiwa miezi kamili tu. Safari moja tarehe 29 na nyingine tarehe 3 ya mwezi unaofuata ni miezi miwili. Asiyeweza kutoa kodi ya mwaka kwa pamoja anaruhusiwa kulipa kila mwezi, ila anaongezewa asilimia 5; kwa viwango vya 2025, pauni 760 zilifika 798. Kwa hiyo mwenye ua na mwenye akiba wana njia mbili za kupunguza mzigo, na asiye navyo anabebeshwa wote.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba kodi hii ilikusudiwa kumshawishi mtu anaponunua gari, si kumfuatilia anapoliendesha; kuendesha kuna kodi yake kwenye pampu, ambako ushuru ulikuwa karibu peni 53 kwa lita mwaka 2025. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Kama ni ushawishi, mahali pake ni siku ya kununua gari jipya, na kweli tangu Aprili 2017 sheria imehamia huko: gari jipya linalozidi gramu 255 lilidaiwa pauni 5,490 mwaka wa kwanza kwa viwango vya 2025. Baada ya hapo magari yote ya kizazi hicho hulipa kiwango kimoja, kilichokuwa pauni 195 mwaka 2025, pamoja na nyongeza ya miaka mitano kwa yale ya bei kubwa. Matokeo yake ni kwamba mwaka huo gari la kifahari la 2018 lenye moshi wa gramu 300 lililipa 195, na gari chakavu la 2007 lenye moshi mdogo kuliko huo lililipa 760. Anayedai kuwa kodi ya gari la pili ni kodi ya utajiri aisome mistari hiyo miwili pamoja.

Tanzania ilichukua njia ya pampu moja kwa moja. Mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile ya stika kwenye kioo, na kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gari lililolala likaacha kudaiwa. Lakini mafuta ya taa yamo katika orodha, na anayewasha kibatari hana gari. Kenya ilielekea upande wa pili: Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, na muswada ukaondolewa baada ya maandamano. Huo nao haukuwa na nafasi ya kilomita.

Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 magari ya umeme yatatozwa peni 3 kwa kila maili, juu ya kodi ya mwaka. Swali la umbali, ambalo jedwali la herufi halijawahi kuliuliza, sasa litaulizwa kwa magari yasiyotoa moshi kabisa. Wenye magari ya daraja L na M wana haki ya kutaka liulizwe kwao pia: kiwango kidogo kwa kulimiliki gari na kulipaki mtaani, kisha gramu zizidishwe kwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi.