Chatu wa Abamanga: Shida ya Mfasiri

Kitabu cha Bibi Monica Wilson, Good Company, kilichopigwa chapa mwaka 1951, chaeleza habari za Wanyakyusa wa Rungwe. Humo twasoma ya kuwa abalosi, wadhuruo watu usiku, waliaminiwa kuwa na chatu matumboni. Na abamanga, waliokilinda kijiji kwa kupigana nao ndotoni, walipata nguvu zao kwa chatu vilevile.

Hapo ndipo penye shida. Abalosi wana ndugu zao katika Kiswahili, yaani walozi. Bali abamanga hawana. Tukiwaita waganga tumekosea, maana mganga hutegemea dawa, na hawa nguvu yao i mwilini. Tukiwaita wachawi wema, tumemhukumu chatu kabla ya kumwuliza. Hata neno la Kiingereza alilolichagua Bibi Wilson, lenye maana ya watetezi, lataja kazi na kumficha mnyama.

Tulinganishe na taekwondo ya Korea, ambamo kuna msimamo wa chui milia na msimamo wa korongo. Mpiganaji huazima umbo la mnyama, kisha huliacha. Mmanga hakuazima, alimbeba mnyama mwenyewe, na wanakijiji ndio walioamua kama nguvu ile ni ngao au ni sumu.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba neno abamanga liachwe kama lilivyo, na maelezo yalifuate. Kamusi isiyoona haya kukopa Arabuni isione haya kukopa Tukuyu.