Ovari Moja Ikibaki

Mkoani Katavi uzazi huanza mapema. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwishazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Msichana wa Mpanda, mkoani humo, akiambiwa ana uvimbe kwenye ovari, swali linaloitesa familia ni kama atazaa. Mara nyingi inawezekana, ila inategemea sana upasuaji wa kwanza ulivyofanywa.

Tumbo hufunguliwa kwa mkato mrefu wa wima ili uvimbe utoke mzima. Ukitobolewa upite tundu dogo, maji yake humwagika ndani, na saratani iliyokuwa hatua ya IA huhesabiwa IC1, hatua ya juu zaidi, papo hapo. Kabla ya kugusa chochote, daktari huchota maji ya tumboni yakapimwe chembe za saratani. Kisha huondoa ovari inayougua pamoja na mrija wake, hukata kipande cha utando wa mafuta unaofunika utumbo, hukagua ini na kuta za tumbo. Ovari ya pili ikionekana nzima, haikatwi kipande cha kupima: kovu laweza kumzuia kushika mimba.

Pasipo patholojia ya kutoa jibu mgonjwa akiwa bado mezani, nasimama upande wa kusubiri majibu kabla ya kutoa mji wa mimba. Upasuaji wa pili unawezekana. Mji wa mimba ukishatolewa haurudi.

Je, ugonjwa utarudi? Uvimbe wa mpakani, ulio kati ya uvimbe wa kawaida na saratani, hurudi kwa takribani asilimia 25 ukimenywa peke yake, na nusu ya hapo ovari nzima ikiondolewa. Ukirudi, kwa kawaida huwa wa mpakani tena, na hukatwa tena. Uvimbe wa chembe za mayai, unaowapata zaidi wasichana, husikia dawa za bleomisini, etoposidi na sisplatini hata ukiwa umesambaa. Ninayoihofia ni saratani ya utando wa ovari yenye chembe kali: hiyo hurudi hata kwenye kuta za tumbo, ambako tiba ni ngumu.

Tiba ya saratani ikihitajika, safari yaweza kuwa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa itaje aina ya uvimbe, hatua, kama ulipasuka, na tarehe ya ultrasaundi ijayo, na mgonjwa abaki nayo. Uvimbe wa mpakani waweza kurudi hata baada ya miaka 10.