Waraka na Nyaraka: Asili ya Neno na Matumizi Yake

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson (1939), kama nyingine zilizoifuata, hutaja Kiarabu kuwa asili ya maneno waraka na wakati. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kwa Mwarabu waraqa ni jani la mti au karatasi, na wingi wake ni awraq. Waqt nayo wingi wake ni awqat. Waswahili hawakuuchukua wingi huo. Waliyaweka maneno haya pamoja na wimbo na wavu, na kwa kuwa husema nyimbo na nyavu, wakasema nyaraka na nyakati. Maana nayo waliipunguza: waraka wetu ni barua au hati, jani la mti haliitwi hivyo.

Basi wale watakao kuyaondoa maneno haya kwa sababu ya ugeni wao hawakuitazama sarufi, maana wingi wake ni wa Kibantu mtupu. Mtunga kamusi naye hana budi kueleza mambo mawili: neno limetoka wapi, na lilipofika lilifanywa nini.