Heko, Wasugua Vioo

Heko kwenu mnaosugua vioo vya darubini kwa mikono yenu! Tangu Russell Porter alipoanza kuwafundisha wafanyakazi wa viwandani mjini Springfield, Vermont, Marekani, mwaka 1920, mmethibitisha kwamba fundi wa kawaida anaweza kujitengenezea jicho la kutazamia nyota.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Uso wa kioo usikosee zaidi ya nanomita 70 hivi, takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Rula gani itapima hapo? Mnatumia mbinu ya Mfaransa Léon Foucault ya mwaka 1858: taa yenye tundu dogo, wembe na giza. Wembe unapokata mwanga, kivuli hutambaa juu ya kioo na kufichua kila kibonde. Ukigusa kioo kwa kidole, joto lake tu huinua kilima kinachoonekana waziwazi.

Lakini ninachowavulia kofia zaidi ni kujua pa kuachia. Kizuri hakikosi ila, na msuguo mmoja wa ziada huweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Duara la mwanga wa nyota likilingana ndani na nje ya fokasi, yaani mahali miale inapokutana, naweni mikono. Kazi imekwisha.