Jinsi Maarifa ya Msafara Yalivyookolewa: Chitambo, Tabora, Bagamoyo

Maarifa nyeti ya taasisi ni yale ambayo yakipotea, kazi iliyokwisha kufanyika inabidi ianzwe upya. Katika misafara iliyopita Tabora karne ya 19, sehemu kubwa ya maarifa hayo ilikaa vichwani mwa watu. Kirangozi, yaani mwongoza njia, alijua kisima gani hukauka mwezi upi, na hongo (ushuru wa kupita) ya kila mtawala wa Ugogo hujadiliwa vipi. Kwenye njia panda aliziba njia isiyofaa kwa matawi mabichi au kuchora mstari ardhini, ili wapagazi walioachwa nyuma wasipotee.

Msafara wa mpelelezi David Livingstone uliongeza hazina nyingine: daftari, ramani na vipimo. Usalama wake ulikuwa mdogo, kwani barua nyingi alizotuma pwani kutoka Ujiji mwaka 1869 hazikufika. Huko Nyangwe mwaka 1871 karatasi na wino vilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda. Maandishi hayo yalififia mno hata ikabidi yasubiri upigaji picha wa kisasa ndipo yasomeke vizuri. Tahadhari bora ilichukuliwa Kwihara, karibu na Tabora, Machi 1872. Hapo Livingstone alimkabidhi mwandishi wa habari Stanley shajara yake kubwa, ikiwa imefungwa kwa lakiri, aipeleke Uingereza. Tangu siku hiyo hakuna ajali moja iliyoweza kufuta kazi yote. Kilichobaki hatarini ni madaftari ya safari ya mwisho.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa naye tangu safari ilipoanza mwaka 1866, waliwakusanya wenzao, na masanduku yakafunguliwa mbele ya wote. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya Nasik huko India, aliandika orodha ya vilivyomo: saa, dira na vyombo vya kupimia. Uamuzi huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Mali ilitambuliwa kabla ya kuhamishwa, mashahidi walikuwa wengi, na dhamana ikawa ya kila mtu. Wapagazi wakawakubali Susi na Chuma kuwa wakuu kwa sababu ya ukongwe wao safarini.

Walipoibeba maiti ya Livingstone pamoja na madaftari yake kuelekea pwani, uzoefu nao ulitumika. Wakati wa kwenda, vilima vya kando ya Ziwa Tanganyika viliwatesa sana. Wakati wa kurudi walipita mbali na ziwa, na njia ikawa nyepesi.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, wakamkuta Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Alishauri maiti izikwe hapo, wakakataa. Alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake, nao hawakuridhika. Vyombo vingeweza kununuliwa vingine. Madaftari yaliendelea na safari. Mbele ya Tabora, karibu na Kasekera, waliposikia kwamba maiti haitaruhusiwa kupita, walifunga fito mfano wa maiti na kutuma watu wazirudishe kana kwamba mazishi yatafanyika Unyanyembe. Maiti halisi ilifungwa upya kama mtumba wa nguo, na Februari 1874 ikafika Bagamoyo.

Huko wapagazi wengi walilipwa ujira na kuachishwa kazi, kila mmoja akaenda na yale aliyoyajua. Hilo ndilo pengo kubwa la kisa hiki. Kwa bahati njema, Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mwaka huohuo, wakakaa na mhariri Horace Waller wakimweleza yale ambayo daftari halikuyaandika: Livingstone aliandika mara ya mwisho tarehe 27 Aprili, na habari za kifo na za safari ya kurudi ziliwategemea wao. Shajara za mwisho zilichapishwa mwaka 1874.

Uzoefu wa Chuma ulitumika tena: mwaka 1879 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilituma msafara mwingine Afrika Mashariki, na Chuma akaajiriwa kuwa mnyapara mkuu. Kiongozi wa msafara huo, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi Juni. Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alirithi uongozi huku Chuma akiwashikilia wapagazi. Msafara ukafika maziwa ya Nyasa na Tanganyika, ukarudi pwani mwaka 1880 kwa kupitia Tabora.