Kimefumuka au Kimelika?

Mteja humfikia fundi viatu na neno moja: "Kimeharibika." Fundi hana haja nalo. Hukigeuza kiatu, huikunja soli, hupitisha kidole gumba kwenye mshono, kisha hutoa hukumu yake: mshono umefumuka, au soli imebanduka, au kisigino kimelika. Hukumu tatu, kazi tatu. Kilichofumuka kinataka msharasi na uzi uliopakwa nta. Kilichobanduka kinataka kukwanguliwa gundi ya zamani, kupakwa mpya na kugongwa mpaka kishike. Kilicholika hakiponi kwa uzi wala gundi, maana sehemu yake imebaki barabarani. Lazima kikatiwe kipande kipya cha mpira, mara nyingi kutoka kwenye tairi ambalo nalo limemaliza kazi yake ya kwanza.

Tunapowasifu mafundi wa kukarabati, aghalabu tunaisifu mikono yao. Mimi nataka kuusifu ulimi wao. "Bovu" ni neno la mwenye mali, ambaye shida yake ni kwamba kitu hakimfai tena. Fundi anahitaji neno linalosema kimetokea nini, wapi, na kwa sababu gani, kwa kuwa dawa imo ndani ya sababu. Lugha yetu imempa maneno hayo bila choyo.

Tazama yalivyoundwa. Fuma, fumua, fumuka. Bandika, bandua, banduka. Funga, fungua, funguka. Kitenzi cha kuharibika kimembeba mgongoni mwenzake wa kuunda. Anayesema mshono umefumuka amekiri kwamba palikuwa na mkono uliounda, na kilichoundwa mara moja huweza kurudiwa. Kulika ni ukoo mwingine kabisa: kumezaliwa na kula, na kilicholiwa hakirudi sahanini. Breki hulika, soli hulika, meno ya msumeno hulika, na huko fundi haahidi kurudisha, huahidi kubadilisha au kuongeza. Kisu butu kina mkasa wake: kimelika makali, na dawa yake ni kukipeleka kwenye kinoo kilike zaidi.

Kwenye nguo msamiati unapanuka. Jua huipausha nguo. Maji na sabuni huifanya ichujuke. Kanga iliyopauka imeachwa kambani mno, lakini iliyochujuka kwa ufuaji wa kwanza haikushika rangi tangu kiwandani, na mwenye kuzijua tofauti hizo anajua pia wa kumlaumu. Nguo iliyonaswa na msumari hutatuka. Iliyoachia penye mshono hufumuka. Shati lililolika ukingo wa kola, fundi cherehani huifumua kola, huigeuza upande uliokuwa umejificha ukaangalia nje, huishona tena, na shati likapata maisha mengine. Tundu dogo hulitililia, hupitisha uzi huku na huku mpaka nyuzi zilizokatika zipate warithi. Ila kabla ya yote hayo hukivuta kitambaa taratibu kati ya vidole. Anataka kujua kama bado kinashika uzi. Kama hakishiki, kiraka kitang'oka na kingo zake, na kuacha tundu kubwa kuliko la mwanzo.

Hata kuchakaa kwenyewe kuna ngazi, na kila ngazi ina jina na kazi. Kanga ya kutokea huwa kanga ya kushindia. Ya kushindia huwa ya kulalia. Ikishalainika vya kutosha hubebewa mtoto au hukatwa nepi, kwa sababu ulaini ule haununuliki dukani. Mwishowe huwa tambara la kushikia sufuria au kupigia deki. Katika safari nzima hiyo hakuna mahali ambapo nguo imeitwa takataka kabla ya wakati wake.

Watu wa pwani waliliwekea jambo hili methali: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba ilitokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa. Ukambaa ni majani yaliyosukwa tu. Kwa kamba hizo za makumbi ndipo ilipounganishwa mitepe ya Lamu, vyombo vilivyoshonwa ubao kwa ubao bila misumari. Majahazi yaliyodumu baada ya mitepe yana misumari, lakini nayo huchakaa kwa namna yake: mbao huachana, maji yakaingia. Hapo huitwa fundi wa kukalafati, akaijaza mianya pamba iliyotiwa mafuta, na chini ya chombo hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja, ambako vyombo vimeundwa vizazi kwa vizazi, chombo kuukuu huweza kuwa ndicho kilichotunzwa kuliko vyote. Kuukuu ni neno la umri, chakavu ni neno la hali, na methali nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

Maneno haya yakihamia kwa binadamu, huenda na ukali wake. Mwandishi mkongwe na mwimbaji aliyechujuka wanaweza kuwa rika moja, lakini neno la kwanza linahesabu miaka kwa heshima, na la pili linasema rangi haikushika. Mtaani Dar es Salaam mtu huweza "kuchoka" bila kufanya kazi yoyote: viatu vimechoka, shati limechoka, na mfuko umechoka zaidi. "Aliyepigika" yuko hatua moja mbele, kwa kuwa neno lenyewe linadokeza yupo mpigaji, nayo ni maisha. Na kurasa za michezo zimezichakaza timu nyingi mno, hata neno lenyewe limechakaa.

Wasiwasi wangu uko jukwaani, ambako maneno ya fundi hufika yakiwa yameacha vifaa nyumbani. Tanzania, wanaodai katiba mpya husema ile ya 1977 imejaa viraka, maana imerekebishwa zaidi ya mara 10. Kwa fundi cherehani kiraka si tusi. Ni kazi halali, na nguo yenye viraka vilivyoshika humsitiri mtu. Swali lake ni lile la vidole viwili: kitambaa bado kinashika uzi? Watetezi na wapinzani wangelijibu hilo, mjadala ungetoka kwenye kuhesabu viraka ukaingia kwenye kuipima nguo.

Au chukua "mmomonyoko wa maadili", kauli isiyokosekana kwenye hotuba. Imeazimwa kwa wakulima, na wakulima hawajawahi kuitumia kwa kulalamika tu. Mkulima wa Machakos akisema udongo unamomonyoka, tayari anajua mteremko, mvua, na mahali ambapo miti ilikatwa. Dawa yake huko inaitwa "fanya juu": mtaro huchimbwa kukingama mteremko na udongo hutupwa upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Jina la dawa ni agizo la kazi. Mhutubu hutuambia udongo umekwenda na kushuka jukwaani, asitaje mvua wala mtaro.

Sitaki maneno haya yafungiwe karakana na mashamba. Yameenea kwa sababu yanasema kweli, na lugha isiyoazima kutoka kwenye kazi za watu wake hukauka. Ila anayeazima chombo cha fundi aazime na uchunguzi wake. Atakayesema maadili yamemomonyoka atuonyeshe mteremko na pa kuchimba mtaro. Atakayelalamikia viraka ashike kwanza kitambaa.