Kumpima Fundi kwa Tumbo la Amplifaya

Amplifaya ya zamani iliyobadilishiwa valvu huhukumiwa ikiwa imepinduliwa, siyo ikiwa inaimba. Kazi mbovu nayo huimba vizuri, tena kwa miezi, mpaka siku transfoma inapoanza kunuka. Ukweli uko chini ya chesisi, kwenye soketi na waya zake.

Chukua Fisher 500-C, redio na amplifaya katika kasha moja, iliyotoka kiwandani kwa Avery Fisher huko New York katika miaka ya 1960. Valvu zake za nguvu ni nne, mbili kwa kila spika, aina ya 7591. Washindani wa Fisher waliipenda valvu hiyo pia: H. H. Scott waliiweka kwenye 299-C, EICO kwenye ST-70, McIntosh kwenye MC225, na Ampeg kwenye amplifaya za magitaa. Kisha transista zikaja, viwanda vya Marekani vikaacha kuitengeneza, na zilizobaki kwenye maboksi zikapanda bei mpaka mwenye amplifaya nzima akashindwa kuiwasha. Hapo mafundi wakaigeukia 6L6GC, ambayo wapiga magitaa hawakuiacha ipotee sokoni.

Kwa macho valvu hizi mbili ni ndugu. Zote zina kitako cha pini nane, zote hupashwa joto kwa volti 6.3, na hita ya 7591 hula ampia 0.8 wakati ya 6L6GC hula 0.9. Ndiyo maana mtu asiyejua huichomeka moja mahali pa nyingine, na hilo ni kosa la hatari, kwa sababu ndani ya kitako mpangilio ni tofauti. Katika 7591 kathodi iko pini ya 5, gridi ya kwanza pini ya 6, na gridi ya pili imetokezwa pini mbili, ya 4 na ya 8. Katika 6L6GC gridi ya kwanza iko pini ya 5 na kathodi iko pini ya 8. Ukichomeka 6L6GC kwenye soketi ambayo haijaguswa, na kama kiwanda kiliunga pini ya 8 na umeme wa gridi ya pili, kathodi inapokea volti mia nne hivi ilhali hita yake iko karibu na sifuri. Valvu haikuumbwa kustahimili tofauti hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama ni soketi. Waya wa kathodi umehamishwa kutoka pini ya 5 hadi ya 8? Kiungo kati ya pini ya 4 na ya 8, kama kilikuwepo, kimekatwa kabisa au kimekunjwa pembeni tu? Kilichokunjwa kitarudi kugusa. Kisha tazama gridi. Fundi wa kawaida hung'oa waya kutoka pini ya 6, huuongeza kipande, huuchomelea kwenye pini ya 5, na amplifaya hufanya kazi. Fundi mwenye akili anajua kwamba pini ya 6 ya 6L6GC haina kitu, basi huuacha waya wa kiwanda palepale ulipo na kuweka rezista ndogo ya kilo-omu moja au mbili kutoka pini ya 6 hadi ya 5. Rezista hiyo inaziba pengo na papo hapo inaizuia valvu kujitetemesha kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii lakini anodi huyaona na kuwa nyekundu. Kuhama kwa gridi kumefanyika bila kukata waya hata mmoja wa zamani. Nikiona hivyo, nusu ya wasiwasi wangu huisha kabla sijashika mita.

Risasi nayo husema. Waya uwe umepita tunduni mwa pini na kukunjwa kabla ya kuchomelewa, ili risasi isifanye kazi ya kushikilia. Doa la risasi liwe jembamba, umbo la waya lionekane chini yake. Donge la mviringo kama shanga ni la mtu aliyekuwa na haraka, au mwenye chuma kisichopata joto. Waya za hita zisokotane na kulala kwenye kona ya chesisi, mbali na gridi. Zikipita hewani juu ya gridi, utasikia mngurumo kila chumba kikitulia.

Sasa bayasi, na hapa ndipo makanjanja wengi huanguka, kwa sababu haionekani kwa macho. Valvu hizi hushikwa na volti hasi kwenye gridi ili zisipitishe umeme kupita kiasi. Katika jedwali za watengenezaji, kwa volti 450 kwenye anodi na 400 kwenye gridi ya pili, 7591 hutaka volti 21 hasi. 6L6GC hutaka 37. Sehemu ya Fisher inayozalisha volti hasi ilipimwa kwa 7591. Ukihamisha waya tu na kuacha bayasi ilivyo, 6L6GC zitakunywa umeme kama ngamia aliyefika kisimani, na zitakuwa nyekundu. Muulize fundi alipata wapi zile volti za ziada. Akijibu kwa kukuonyesha rezista na kapasita alizobadilisha, mnaelewana. Akikuambia valvu zenyewe "zitajizoesha", chukua mzigo wako uondoke.

Tofauti hiyohiyo ya 21 na 37 ina upande wa pili ambao hata mafundi wazuri huusahau. Ili 7591 itoe nguvu yake yote, valvu ndogo zilizo nyuma yake huisukuma kwa kilele cha volti 21. Kwa 6L6GC zinapaswa kukaribia 37. Yaani 6L6GC ni nzito kusukumwa, ikiwa na takriban nusu ya wepesi wa 7591. Kipimo cha wepesi wa valvu huandikwa kwa miliampia kwa volti: 7591 ni 10 hivi, 6L6GC ni kati ya 5 na 6. Matokeo yake, fidbaki, ile sehemu ya sauti inayorudishwa kutoka transfoma ya spika ili kusahihisha makosa, hupungua karibu nusu. Amplifaya bado itaimba, na kwa sauti ya chini huenda usigundue lolote. Pandisha sauti, weka rekodi yenye besi ya mti au ngoma ya miguu: besi italegea na kuchelewa kunyamaza. Wauzaji huiita hiyo "sauti yenye joto". Mimi huiita fidbaki iliyopungua.

Wapo wanaoingiza EL34 badala yake, kwa kuwa kipimo chake cha wepesi kinakaribia cha 7591. Kwenye karatasi inavutia. Lakini hita ya EL34 hula ampia 1.5. Nne zinafika ampia 6, wakati transfoma ilijengwa kutoa 3.2 kwa kazi hiyo. Nikikuta EL34 nne ndani ya Fisher bila transfoma ya pekee ya hita, sihitaji kuendelea kukagua.

Ukifika kwenye mita, dai rezista ya omu 10 kati ya kila kathodi na chesisi. Fundi asiyeziweka hakutaka kupimwa. Ukisoma volti 0.35 juu ya rezista hiyo, valvu inapitisha miliampia 35. Zidisha kwa volti 430 za anodi, unapata wati 15. 6L6GC inaruhusiwa 30, na hapo kuna wajanja hupandisha hadi 21 au zaidi kwa kuwa "valvu inaruhusu". Valvu inaruhusu, transfoma ya umeme hairuhusu, ilipimwa kwa valvu za wati 19. Mbili za upande mmoja zikaribiane sana, tofauti isizidi miliampia mbili tatu, la sivyo chuma cha transfoma ya spika kitavutwa upande mmoja na besi itapotea. Kisha zima, subiri, ng'oa valvu za nguvu, washa tena, upime gridi kwenye soketi tupu: pawe na volti hasi ya bayasi tu. Ikipungua taratibu kuelekea chanya, kapasita za kupitisha sauti zinavuja, na mabadiliko yote yamejengwa juu ya mchanga. Kumbuka kapasita kubwa hubaki na volti mia nne baada ya kuchomoa plagi. Zitoe umeme kwanza.

Kwetu, ambako Fisher huja ndani ya kontena la ndugu aliyeko Marekani, kuna neno moja zaidi. Transfoma yake ilitengenezwa kwa volti 117 na mizunguko 60. Kishusha volti kutoka 230 hakibadilishi mizunguko yetu 50, kwa hiyo chuma tayari kinachemka kuliko huko kilikotoka. Mabadiliko yanayokubalika New York yanaweza kuzidi kiasi Tanga.

McIntosh MC225 iache. Kathodi zake hupita kwenye nyuzi za transfoma ya spika, na gridi ya pili ya kila valvu imeungwa na anodi ya mwenzake. Muundo huo tayari hudai msukumo mkubwa. Ukiweka 6L6GC unauongeza tena. Sijaona iliyonishawishi.

Bei nayo. Leo 7591 mpya zinatengenezwa Urusi na Slovakia, kwa hiyo sababu iliyowasukuma mafundi kugeuza imekwisha, na Fisher iliyogeuzwa isilipiwe zaidi ya ile iliyoachwa ilivyo. Nyingine hustahili kurudishwa kwenye 7591, na hapo ndipo yule aliyeacha waya wa kiwanda kwenye pini ya 6 anakuokolea saa nzima. Ukiirudisha, shusha rezista ya gridi hadi karibu kilo-omu 200, kwa sababu watengenezaji waliweka kikomo cha kilo-omu 300 kwa bayasi ya namna hii na valvu mpya hazina subira kama za zamani. Kapasita iliyo mbele yake iongezwe kwa uwiano, besi isije ikakatika. Pima pia nafasi: nyingi za sasa ni nene kidogo, na ndani ya kasha la mbao joto halina pa kwenda.

Na kama haitarudishwa, pawe na maandishi kando ya soketi: "6L6GC tu". Siku mrithi atakapochomeka 7591 kwa kufuata kitabu cha kiwanda, pini ya 4 na ya 8 zitaunganishwa ndani ya valvu, volti mia nne zitashuka moja kwa moja hadi chesisi, na kitakachoungua kwanza, kama bahati ipo, ni ile rezista ya omu 10.